Ijue Nati Kabla ya Kuifungua: Kwa Wanaoanza Ufundi wa Magari Kigoma

Mwanagenzi anayeingia gereji hapa Kigoma hupewa mapema kazi ya kumwaga oili, kwa kuwa wengi huiona nyepesi. Mimi naihesabu kuwa kazi inayompima fundi, kwa sababu anayeifanya bila kutazama anaweza kuua giaboksi ya mteja kwa kufungua nati moja tu.

Chini ya magari mengi madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, injini na giaboksi hukaa ubavu kwa ubavu, na kila moja ina nati yake ya kumwagia. Asiyejua huifungua ile iliyo karibu na mkono wake, akamwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha akaongeza oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, anza juu: tazama kilipo kifuniko cha kujazia oili na kijiti cha kupimia, halafu ifuate injini kwa macho hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini yake. Usitegemee umbo la sampu peke yake, maana giaboksi ya otomatiki nayo mara nyingi ina sampu yake. Itambue kwa shafti zinazotoka humo kwenda magurudumuni. Oili ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu, hivyo ukiona wekundu unatiririka, rudisha nati mara moja na umwite fundi mkuu.

Magari yanayotoka vijijini wakati wa masika hufika na tope lililokauka chini ya injini. Lioshe kwanza, na kama kuna bamba la kinga, lifungue, kwa sababu mchanga ulioshika kwenye kichwa cha nati huifanya spana iteleze na kula pembe zake. Jambo la pili ni mwinamo. Mji wetu umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani, na gari likiinamia upande usio na nati, oili chafu hubaki ndani, nacho kijiti hakisemi kweli. Tafuta mahali tambarare, zuia magurudumu, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake bila stendi.

Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu na ibebe uchafu, ila isiwe ya kuunguza. Nati ya sampu ya Toyota nyingi ndogo huchukua spana namba 14. Tumia spana ya boksi au ya ringi, inayokizunguka kichwa chote cha nati, kwani spana ya mdomo wazi huharibu kichwa. Ukiwa umelala chali ni rahisi kuchanganya upande wa kufungua, kwa hiyo itazame nati uso kwa uso na uizungushe kinyume cha mshale wa saa. Wakati wa kurudisha, weka washa mpya (kipete kinachoziba nati isivuje), anza kwa vidole mpaka uzi, yaani mikato ya nati, ukubali, ndipo ukaze kwa kiasi, hasa sampu ikiwa ya alumini, ambayo uzi wake hufa upesi.

Kwa difu (kifaa kinachogawa nguvu kwa magurudumu) na giaboksi ya manyuo, yaani ya gia za mkono, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikiwa imeganda na wewe umekwisha kumwaga, gari halitaondoka hapo. Rejeta, inayopoza maji ya injini, usiiguse ikiwa ya moto.

Oili chafu ipokee kwenye karai na uihifadhi kwenye madumu yenye vifuniko, mbali na maji ya rejeta. Ikimwagwa mtaroni, mvua huishusha Ziwa Tanganyika, tunakopata dagaa na maji ya kunywa. Jambo hili naomba mlichukulie kwa uzito uleule wa kukaza nati.

Ukishajaza oili mpya, washa injini hadi taa ya oili izime, chungulia chini kama nati inavuja, zima, subiri dakika chache oili ishuke, kisha pima tena kwa kijiti kabla ya kumkabidhi mteja ufunguo.