Kozi niliyoidharau ndiyo inayonilisha

Jumanne usiku nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, binti wa mwaka wa kwanza. "Shikamoo dada. Nimepata sapu ya stadi za mawasiliano. Wenzangu wananiambia hiyo kozi hata hawakuisomea. Nimelia sana. Nianzie wapi?" Sapu ni mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi. Nilimwitikia marahaba, nikamwambia alale tutaongea. Mimi mwenyewe usingizi ukagoma, kwa sababu mwaka 2013 binti huyo nilikuwa mimi.

Nilitoka shule ya kata, nimefaulu, nyumbani walichinja mbuzi. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kama watoto wa shule za serikali walivyosoma tangu 1967. Kidato cha kwanza Kiingereza kikaniangukia, na dawa niliyoipata ilikuwa moja tu: kukariri. Nilimeza noti za mwalimu, nikazitapika kwenye mtihani, nikapewa alama. Basi nilipofika chuo kikuu nikaona kwenye ratiba kuna kozi hiyohiyo ya stadi za mawasiliano, ya kufundishwa kuandika, nilikasirika. Kuandika najua tangu darasa la kwanza! Semina nilihudhuria siku za kuita majina tu.

Insha ya kwanza ilihusu vijana kuhamia mjini. Kurasa 4, siku 10. Siku ya tisa jioni nilikwenda steshenari ya nje ya geti, nikanunua desa, yaani nakala ya kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, la mwaka wa nyuma, nikabadilisha maneno mawili matatu katika kila sentensi, nikachapa. Bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, lilikuwa limeingia wiki ile, nikaiwekea hata jalada la plastiki.

Wiki mbili baadaye mhadhiri aliingia ukumbini akiwa na karatasi yangu mkononi. Tulikuwa zaidi ya mia tatu. Akasoma aya yangu ya kwanza kwa sauti. Akachukua karatasi nyingine, akasoma aya ya kwanza ya mtu mwingine. Zilikuwa zinafanana, toka nitoke. Akataja jina langu, la yule mwenzangu hakulitaja, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Wapo waliocheka. Nilitazama jalada lile la plastiki mkononi mwake mpaka macho yakaingia ukungu.

Alikuwa na haki ya kunipa sifuri. Haki ya kunianika jina mbele ya umati ule hakuwa nayo, na leo hii, mtu mzima mwenye watoto wawili, bado nasema hakuwa nayo. Kama wewe unayesoma ni mwalimu, tafadhali, mwite mwanafunzi ofisini. Ufunge mlango. Umwambie huko.

Sapu nilipata. Aliyenishika mkono ni mhadhiri msaidizi wa semina yetu, mama mmoja wa maneno machache. Aliniita, akaweka kitabu mezani, akanionyesha ukurasa mmoja. "Soma." Nikasoma. Akakifunga, akakisukuma chini ya mkoba wake. "Haya, niambie kwa Kiswahili, kama unamsimulia mama yako nyumbani, huyu mwandishi anasema nini?"

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Macho yalikuwa yamepita juu ya kila neno na hoja sikuiona.

"Ndiyo maana unanakili," akasema, wala hakupandisha sauti. "Huna cha kwako cha kuandika."

Tulirudia ukurasa uleule mara tatu. Mara ya tatu nikamsimulia, kwa Kiswahili changu cha nyumbani, na nilipomaliza akanipa kalamu: "Andika hichohicho ulichoniambia." Kiingereza kilitoka kinachechemea, lakini kilikuwa changu. Kisha akachukua insha yangu ya desa, akapiga mstari wa penseli chini ya sentensi ya kwanza. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Ikumbukwe kwamba uhamiaji una athari chanya na hasi kwa jamii kwa ujumla." Akaniambia, ondoa uhamiaji, weka simu. Weka mpira. Weka mvua. Nikajaribu, na kila mara sentensi ikakubali. Akanitazama kidogo. "Sasa hapo umesema nini?"

Sentensi iliyochukua nafasi yake ilitugharimu saa nzima na safari moja ya maktaba: "Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, na takriban watu 7 kati ya kila 10 waliishi vijijini. Insha hii inauliza vijana wanapoondoka huko, shamba analima nani." Ile sentensi nikaijua kama mtoto wangu. Ilikuwa na takwimu, na takwimu ile ilikuwa na kazi ya kufanya. Na ilikuwa na swali, kwa hiyo nilijua aya ya pili inakwenda wapi.

Hapo hata marejeo yakaacha kunitisha. Nilikuwa nimeyachukulia kama uchawi wa nukta na mkato. Kumbe ni kumwambia msomaji: jambo hili nimelitoa hapa, nenda kahakikishe. Mtindo wa APA, utaratibu wa kuandika marejeo ambao vyuo vingi vinatumia, ulianza mwaka 1929 kama maelekezo ya kurasa 7 kwenye jarida la wanasaikolojia wa Marekani. Umekua tangu hapo, na unabadilika: mimi nilifundishwa kuandika mji kilikochapishwa kitabu, toleo la 7 la mwaka 2020 limeuondoa. Kwa hiyo usikariri. Uliza idara yenu inatumia mtindo gani na toleo gani, ulifungue pembeni unapoandika. Na jina la mwandishi na ukurasa viandike palepale unaposoma, sio usiku wa kukabidhi.

Mtihani wa marudio nilifaulu kwa C, ambayo chuoni kwetu ndiyo ilikuwa alama ya juu kwa anayerudia. Ile C naipenda kuliko A zangu zote.

Miaka iliyofuata naipita. Leo ni afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri, na kazi ambayo watu wanadhani ni kuzunguka vijijini na kuhudhuria mikutano, nusu yake ni kuandika. Muhtasari wa kikao, barua, taarifa ya robo mwaka, dokezo sabili. Hasa dokezo sabili, ile karatasi ya ndani ya ofisi ya kumwomba mkubwa uamuzi. Unaandika ukurasa mmoja, unaingia kwenye jalada, jalada linapita masijala mpaka kwa mkurugenzi, na yeye ana rundo mezani. Akifika katikati ya ukurasa wako hajajua unaomba nini, umekwisha. Mwezi uliopita niliandika kuhusu vikundi vilivyokwama kurejesha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nilieleza tatizo lilikoanzia, hali ilivyo sasa na namba zake, ninashauri nini, na uamuzi gani unaombwa. Lilirudi na neno moja la kalamu: "Nakubali." Mkuu wangu wa idara akalitoa nakala, akawapa maafisa wapya wawili kama mfano. Nilikwenda kusimama chooni dakika tano nikipumua, kwa sababu mara ya mwisho maandishi yangu kuonyeshwa watu ilikuwa ukumbini kule.

Kwa hiyo wadogo zangu, nawaomba kwa moyo wote, acheni kusema "kozi ya kupita tu". Mnalipiwa ada, wengine kwa mkopo mtakaokatwa kwenye mishahara kwa miaka, halafu saa za semina mnalala hosteli! Anza kuandika siku ile swali linapotoka, hata aya moja mbovu. Funga kitabu kabla hujaandika. Simulia kwanza kwa Kiswahili. Anayekuambia Kiswahili kitakuharibia Kiingereza hajui anachosema, kwa sababu hoja ikishakaa kichwani lugha inafuata. Mpe mtu asome, na akikwambia "sijaelewa" usimweleze kwa mdomo, rudi kurekebisha karatasi. Msomaji wako wa kesho hutakuwa umekaa naye. Na desa, jamani, desa liacheni. Nasema tena, liacheni. Linakunyima zile dakika za kufungua mdomo kisitoke kitu, na zile ndizo zilizonifundisha.

Binti wa Jumanne, majibu yako ndiyo haya, samahani yamekuwa marefu. Chukua lile swali ulilofeli, soma ukurasa mmoja, ufunge, unirekodie kwa sauti ulichoelewa, Kiswahili kitupu. Kisha andika aya moja, mistari minane inatosha. Nitumie vyote viwili kabla ya Jumamosi mchana, watoto wakiwa madrasa nitakaa nivisikilize na kuvisoma. Penseli nitakayotumia sio nyekundu.