Je, kuna pomboo wa mtoni?

SWALI: Mhariri, salamu. Binti yangu wa Gredi ya Tano alirudi nyumbani na picha ya pomboo wa rangi ya waridi, akaniambia kwamba mnyama huyo huishi mtoni katikati ya msitu. Mimi ni mzaliwa wa Shimoni, na pomboo niliowajua tangu utotoni ni wa baharini, tena wa kijivu. Je, picha hiyo ni ya kweli? Na ikiwa ni ya kweli, mbona hatuna pomboo katika Mto Tana au Ziwa Viktoria?
Mama Zuhura, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama Zuhura, binti yako hakudanganywa. Mnyama huyo ni boto, pomboo wa mito ya Amazon na Orinoco huko Amerika Kusini, ambaye huzaliwa akiwa wa kijivu, kisha huwa wa waridi kadiri anavyokomaa, hasa akiwa dume. Mto unapofurika, boto huingia msituni pamoja na maji, akawinda samaki katikati ya mashina ya miti. Hilo humwezekania kwa sababu pingili za shingo yake hazikushikamana kama za pomboo wengi wa baharini, hivyo hugeuza kichwa huku na huku mithili ya mtu anayechungulia kona.

Anayenistaajabisha zaidi, hata hivyo, ni pomboo wa Mto Ganges, ambaye watu wa India humwita susu kwa kuiga sauti ya pumzi yake anapoibuka. Jicho lake halina lenzi, na tundu lake ni dogo kama alama ya ncha ya sindano, kwani katika maji yale ya tope macho yasingemfaa kitu. Hutoa milio mfululizo na kusikiliza mwangwi wake ili ajue samaki alipo, na mara nyingi huogelea kwa ubavu, pezi moja likipapasa sakafu ya mto. Mwenzake wa Mto Indus, nchini Pakistan, anafanana naye mno.

Afrika haina pomboo anayeishi maisha yake yote mtoni. Ziwa Viktoria halifikiki kutoka baharini, maana maporomoko ya Murchison yanaifunga njia ya Nile. Na Tana, ingawa unamwaga maji yake baharini, haujawa makao ya pomboo. Lakini mwaka 1964, huko Loperot, Turkana Magharibi, kilipatikana kisukuku cha nyangumi mwenye mdomo mrefu, chenye umri wa miaka ipatayo milioni 17, mahali palipo zaidi ya kilomita 700 kutoka pwani ya leo. Nyangumi huyo alipanda mto wakati nchi yetu ilikuwa bado tambarare ya chini, akafia huko.

Kuna jambo ambalo singependa binti yako alikose. Pomboo wa baharini, maji yakiharibika, ana pa kuhamia. Wa mtoni ana mto wake tu. Mwaka 2006 wataalamu waliupitia Mto Yangtze, China, kwa wiki sita wakimtafuta pomboo aitwaye baiji, wasimwone hata mmoja. Alikuwa akinaswa na nyavu na ndoano zilizotegewa samaki wengine, huku meli na mabwawa vikizidi kuubana mto wake. Mwaka 2023 ukame uliposhusha maji ya Ziwa Tefé, Brazil, hadi yakapata joto la zaidi ya nyuzi 39, pomboo zaidi ya 150 walikufa kwa muda wa wiki chache. Habari hiyo iliniuma sana.

Wa Indus ndio wanaonipa moyo. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa wasiofika 200. Uwindaji ulipopigwa marufuku waliongezeka hadi wakakaribia 2,000. Kila mwaka baadhi yao hupotelea katika mifereji ya mashamba, na maji ya mifereji yakipungua hukwama. Hapo maofisa wa wanyamapori na wavuvi huwatoa kwa nyavu, huwalaza juu ya machela, kisha huwapeleka kwa gari hadi mtoni, wakiwamwagia maji mgongoni njia nzima ili ngozi isikauke.