Nyumba ina kisima? Subiri nikusimulie

Mbukwenyi wapendwa! Juzi dada mmoja kaniandikia inbox, kapata nyumba Ihumwa, hapa Dodoma, bei poa, "na ina kisima kirefu kabisa", anauliza achukue? Nimecheka kwa uchungu maana hayo maneno ya kisima kirefu ndo yalinimaliza mimi.

Sisi tulinunua Nala, mwezi wa nne, mvua ndo zinaishia. Dalali akafungua koki ya nje, maji yakatoka kwa presha mpaka yakamlowesha baba watoto suruali, tukacheka wote, mi tayari napiga hesabu za bustani ya mchicha. Hakuna aliyeuliza tanki limejazwa na nini. Sasa tanki la lita 5,000 likiwa juu ya mnara lazima litoe presha, hata kama kisima chini kimekufa! Nilikuja kuambiwa na mama jirani, tena mwezi wa tisa huku namwomba ndoo mbili: "Kile kisima mbona kila kiangazi kinakata, na siku mliyokuja kuangalia boza lilitangulia asubuhi." Nilikaa chini palepale. Kiinua mgongo cha mama yangu kimo mle ndani jamani.

Kwa hiyo dada, maji ya tanki usiyaangalie. Nenda na fundi wako, sio wao, afungue bomba linalotoka kisimani kabla halijaingia tankini, muwashe pampu, ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabia sekunde. Ikijaa kwa dakika moja hiyo ni lita 1,200 kwa saa, safi. Ila usiondoke, acha pampu iwake masaa kadhaa, pima tena na tena. Ya kwetu tulipokuja kupima (akili ya kuchelewa) ndoo ya kwanza dakika moja, baada ya nusu saa dakika nne, halafu pampu ikaanza kuvuta hewa. Na upime kiangazi, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, mwezi wa nne usidanganyike na maji.

Chumvi utaijua kwa sabuni kugoma kutoa povu, lakini floraidi (madini ya kwenye miamba) na naitreti (inatokana na uchafu kama wa vyoo) huzioni, peleka maji maabara. Floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi inaharibu meno ya watoto, na kuchemsha hakuitoi. Angalia na choo cha shimo kiko wapi, hata cha jirani. Halafu omba wakuonyeshe kibali cha kisima kutoka ofisi ya bonde la Wami/Ruvu, wanaosimamia maji, na ripoti ya mchimbaji: kina, maji yalipatikana mita ya ngapi, pampu imening'inizwa wapi. Sisi tuliambiwa makaratasi "yapo kwa mdogo wangu Dar". Mpaka leo yako Dar.

Tatizo letu tunaona aibu kuuliza, tunaogopa kuonekana wasumbufu. Sumbua! Hela ni yako, umeitolea jasho, na huyo dalali mwezi wa tisa hatakuletea hata dumu moja.

Nimemjibu yote haya, akaniandikia: "Lakini dada, dalali anasema kuna mtu analeta hela Jumatatu." Nimemwambia aende Jumapili, na ndoo.