Kabla hujalipa, ifungue

Mwanangu,

Umeniuliza kama Mac Pro ya 2019, ile kompyuta kubwa ya mezani ya Apple, ambayo mwenyewe anaiuza chini ya nusu ya bei, itakufaa kwa kuhariri video. Ilianzia dola 5,999 ilipotoka, kwa hiyo hata nusu yake ni pesa ya kujikaza. Ila mimi nataka kujua jambo jingine: umeifungua?

Unanijua. Mashine isiyofunguka haijawa yako. Ile ya kijivu ya baba yako, ukiiwasha unakwenda kuoga, ukirudi bado inazunguka, fundi alishasema tuitupe. Wewe ukashika tochi, mimi nikalegeza skrubu za ubavuni. Vumbi lilikuwa limejikunja kwenye feni kama pamba. Nikachomeka memori ya pili, nikaikandamiza mpaka vile vishikizo viwili vikalia ta, ta. Diski ya kuzunguka nikaitoa, nikaweka SSD, diski ya chipu isiyozunguka. Baba yako alikuwa hajavuta hata kiti, tayari imewaka! Tasnifu ya dada yako imeandikwa humo. Mpaka leo nikiukumbuka uso wa baba yako nacheka peke yangu.

Na hiyo uliyoipata inafunguka kweli. Unazungusha kishikio cha juu, gamba zima linanyanyuka, ndani kuna nafasi 12 za memori na 8 za kadi. Ningeipenda.

Lakini Juni 2020, hata mwaka haujapita tangu itoke, Apple walitangaza kuhama chipu za Intel, kama iliyomo humo, kwenda kwenye chipu zao wenyewe. Tahoe ya 2025 ndiyo toleo la mwisho la macOS, mfumo unaoendesha Mac, kuikubali. Programu zako za kuhariri nazo zitaanza kuikataa, na hapo bisibisi haisaidii kitu. Mac Studio, ile ndogo ya mezani yenye chipu za Apple, inameza video za ProRes, zile faili nzito za kuhariria, bila kadi ya ziada; hii, ili iende nazo kasi hiyo, inataka kadi iitwayo Afterburner. Lakini Mac Studio memori huongezi, ulivyonunua ndivyo hivyo hivyo. Mashine isiyofunguka haijawa yako, nasema tena.

Ulimi unaniwasha niseme moja, ila pesa ni yako na kazi unaijua wewe. Ukiamua kuichukua, muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple mbele ya macho yako. Ina chipu ya ulinzi ya T2, ikibaki imefungwa kwa jina lake utakuwa umenunua bati. Na unipigie picha ya ndani kabla hujatoa hata senti, niangalie hizo nafasi za memori.

Mama yako