Mkojo wa kupima usiuweke kwenye chupa ya juisi

Mi mwaka juzi nilipata kazi kampuni moja hapa Mbeya, ikabaki kupima afya tu nianze. Aliyenipa fomu akasema kesho njoo na mkojo wa asubuhi, basi, hakusema unawekwa kwenye nini wala unachukuliwaje, na mi kuuliza niliona aibu. Nikasuuza kichupa cha juisi ya embe mara moja na maji ya baridi, ilikuwa mwezi wa saba na baridi la Uyole mnalijua, nikajaza mkojo wa kwanza kabisa, nikatia kwenye pochi nikapanda daladala. Foleni mpaka Mafiati, kufika foleni nyingine ya fomu, mpaka unapokelewa ni masaa matatu na zaidi.

Majibu: sukari imo kwenye mkojo, na usaha. Mama alilia maana bibi yetu aliondoka na kisukari. Kazi ikasimamishwa, nikapewa dozi ya UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, wakati hata kuungua nikikojoa sijawahi.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa maabara sehemu nyingine kabisa. Akaniuliza uliuweka kwenye nini, nikamwambia, akatikisa kichwa. Akasema kile kijiti wanachochovya kwenye mkojo kinasoma sukari yoyote ya glukosi, hakijui kama imetoka mwilini kwako au kwenye utelezi wa juisi uliobaki kwenye kona za chupa. Na mkojo ukikaa kwenye joto la kawaida bakteria wanazaliana, ndo maana unatakiwa ufike ndani ya saa moja au mawili, ukishindwa uwe kwenye friji. Akanipa kikopo kisafi cha mfuniko, nikarudia, safi. Sukari ya damu kabla ya kula ikasoma 4.8, kawaida kabisa.

Kwahiyo dada zangu, kikopo chukueni palepale maabara, na mfuniko ukiufungua usiuweke chini wala usiguse ndani. Nawa mikono, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, halafu ule wa mwanzo uache uende chooni maana unasomba uchafu wa nje, kinga wa katikati, nusu kikopo inatosha, wa mwisho uache nao uende. Mkojo ukichanganyika na ute wa ukeni unaonekana una usaha na protini wakati figo zako nzima. Uko kwenye siku zako? Sema, mara nyingi wanakwambia urudi zikiisha. Na usinywe malita ya maji ili upate haraka, unakuwa mwepesi.

Mkojo wa asubuhi ni mzuri kwa kupima mimba changa, ila kichocho ni tofauti, mayai yake yanatoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana.

Wanaopimwa madawa ya kulevya kazini, mfano madereva wa roli za Tunduma, kama umekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini taja kabla hujakojoa, inaweza kusoma kama umetumia, ukija kusema baadae inaonekana unajitetea.

Na ukiambiwa una UTI kila mwezi, omba mkojo uoteshwe, yaani bakteria wakuzwe maabara. Majibu yanachukua siku mbili tatu lakini yanaonyesha mdudu gani na dawa ipi inamuua, mi nilimeza vidonge siku saba kwa ugonjwa ambao sikuwa nao. Kabla hujakabidhi kikopo hakikisha jina lako limeandikwa kwenye kopo lenyewe sio kwenye mfuniko, mifuniko inabadilishana pale mezani, nimeona kwa macho yangu.