Re: Kupeleka mzigo Komoro, kuna biashara kweli?

Mkuu umeuliza kama Komoro inalipa, inalipa sana ila inategemea unapeleka nini. Wenzetu wanauza nje vanila, karafuu na mafuta ya langilangi (ua la kutengenezea manukato), chakula kingi wanaagiza. Mchele usiuguse kwanza, kuna shirika la serikali linaitwa ONICOR ndo limeushika, wewe anza na vitunguu, viazi au mbuzi. Sasa hapa kwenye bandari ndo usikilize vizuri, Moroni kina ni kifupi kwahiyo meli kubwa inatia nanga nje mzigo unashushwa na matishari, foleni ikiwa ndefu vitunguu vinaota majani huku unaangalia, bora uulize na bandari ya Mutsamudu kule kisiwa cha Anzuani maana kina chake ni kirefu. Faranga yao imefungwa kwenye yuro so haiyumbi hovyo, hilo mi nalipenda mno. Makaratasi andaa kwa Kifaransa. Na lenga mwezi wa 7 na wa 8, ndugu zao wanarudi toka Ufaransa kufanya harusi kubwa, hela inazunguka balaa. WTO (Shirika la Biashara Duniani) wameingia 2024, wahi kabla hujakuta wengi.