Mkuu, mzuie mdogo wako asiguse CBG kama kweli anautaka udaktari

Nilikuwa nimeshazima data nilale. Nimeuona uzi wako, nimeiwasha tena, na usingizi umekwenda.

Unasema mdogo wako wa kike matokeo ya form foo yametoka, ana Baiolojia A, Jiografia A, Kemia B, Fizikia D. Anataka udaktari wa binadamu. Kwenye Selform, ile fomu ya kuchagua masomo ya form faivu, alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), lakini kuna mwalimu anamshauri dirisha la TAMISEMI (ndio wanaopangia wanafunzi shule) la kubadili tahasusi, yaani kombi, likifunguliwa ahamie CBG, "maana Fizikia itamwangusha, na CBG inamfikisha kulekule". Ukaongeza na swali la bweni au kutwa. Hilo nitalifikia. Kwanza tumalizane na hilo neno "kulekule".

Haimfikishi. Udaktari wa binadamu kwa anayetokea form siksi unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, na zote tatu uwe umezipata kwa kiwango cha prinsipo, yaani alama A mpaka E. CBG ni Kemia, Baiolojia na Jiografia. Sasa hapo nionyeshe Fizikia ilipo. Famasia nayo hivyohivyo, usije ukasema atajishikiza kule.

Naandika kwa hasira kwa sababu maneno hayohayo niliambiwa mimi, na Fizikia yangu ilikuwa D hiyohiyo.

Nilimaliza form foo 2016. Julai 2017 nikapangiwa PCB kwenye shule moja ya bweni mkoani, siitaji. Nikaripoti na tranka langu, ndoo na kitabu kinene cha Fizikia ambacho mzee alikinunua kwa kuuza mahindi yaliyokuwa bado hayajakauka vizuri. Wiki ya tatu tukapewa jaribio la kwanza la Fizikia. Nikapata 9 kwa mia. Sikuwa wa mwisho, kuna jamaa alipata 4, na mpaka leo huwa najifariji naye.

Mwalimu wa taaluma akatuita wote tuliokuwa chini ya 20, tukajipanga barazani nje ya ofisi yake. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Akatuangalia, akapuliza chai, akasema: "Vijana, CBG ni PCB iliyotolewa miiba. Samaki ni yuleyule." Tukacheka. Mkuu, tulicheka kabisa, tukaona huyu ndiye mwalimu anayejali.

Fomu yenyewe ya kubadili kombi ilikuwa nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mistari. Akatusomea imla: "Mimi, jina, nimeomba kwa hiari yangu kuhama..." Kwa hiari yangu! Niliandikia kwenye goti, nikiwa nimechuchumaa, na kalamu nikaazima. Kuanzia kuitwa mpaka kusaini hazikupita dakika tano. Nimewahi kutumia muda mrefu zaidi kuchagua kandambili gulioni.

Baadaye sana ndiyo nilikuja kuunganisha mambo. Mkondo wa PCB ulikuwa umefurika, mwalimu wa Fizikia alikuwa mmoja kwa shule nzima, na sisi wa 9 kwa mia tungewaharibia wastani wa shule. Sisemi alitutoa kafara. Nasema tu kwamba tulipohama watu walipumua, na katika waliopumua sisi hatukuwemo.

Ila na mimi sikuwa mjinga kabisa, niliomba maoni ya pili. Nikaazima simu ya matroni, nikampigia binamu yangu aliyekuwa chuo mwaka wa pili. Akanijibu kwa sauti ile ya mtu wa chuo: "Dogo, CBG inaingia udaktari, mimi nina washkaji." Binamu mwenyewe alikuwa anasoma Sosholojia. Wale washkaji nilikuja kukutana nao, kweli walikuwa watu wa CBG, na wote walikuwa wanasomea ualimu.

Basi nikauza kile kitabu cha Fizikia. Mnunuzi alikuwa jamaa wa PCB, akanipa elfu nne, nikala chapati na maharage ya nje ya geti siku mbili. Yule jamaa sasa hivi ni daktari, ana stetoskopu yake shingoni na picha za joho kila mahali. Kwa hiyo kile kitabu cha mahindi ya mzee kimesoma udaktari mpaka kikahitimu. Mimi ndiye niliyeshuka njiani.

Nikapiga msuli CBG kama mwendawazimu. Matokeo ya 2019 yakatoka: Baiolojia A, Kemia B, Jiografia B, Divisheni Wani ya pointi 5 (pointi zikiwa chache ndiyo bora). Nyumbani wakachinja jogoo wawili. Mama mkubwa akaanza kuniita dokta mbele za watu, na mzee mmoja jirani akavua kiatu kabisa anionyeshe kidole chake cha mguu kilichokuwa kinamuuma. Nikakikagua! Nikatikisa kichwa kitaalamu, nikamwambia apunguze chumvi.

Wiki iliyofuata nikaenda steshenari moja jirani na stendi kuomba chuo. Pale kulikuwa na kijana wa makamo yangu, kazi yake kujazia watu fomu. Akaingiza namba yangu ya mtihani, matokeo yakajileta, akashusha orodha ya kozi, akabofya udaktari. Mfumo ukakataa. Akabofya tena. Halafu akageuza kiti, akaniangalia usoni.

"Broo, Fizikia yako iko wapi?"

"Sikusoma."

"Sasa udaktari unaingilia wapi?"

Nikamwambia mwalimu wetu wa taaluma alisema inaingia. Akacheka kidogo, kwa adabu, kama unavyocheka msibani mtu akijikwaa. Akafungua faili moja kwenye kompyuta yake, kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, akanisogezea kioo, akaweka kidole kwenye mstari: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Akanitoza elfu mbili. Kwa elfu mbili kijana wa steshenari, katikati ya foleni, alinipa jibu ambalo mwalimu wa taaluma, binamu wa chuo na mimi mwenyewe kwa pamoja hatukuwa nalo. Tatizo ni kwamba alinipa miaka miwili baada ya ile nusu karatasi.

Nyumbani nikakaa siku nne nasema mtandao uko chini.

Unataka kujua nilifanya nini? Kiburi. Kulikuwa na kozi za kilimo, misitu, mazingira, sayansi ya chakula, zote zingenipokea kwa mikono miwili. Nikazikataa, kwa sababu mtaa mzima ulishaniita dokta. Nikajiandikisha kurisiti Fizikia peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Somo la miaka miwili nililibana miezi michache kwa twisheni ya uchochoroni, maabara nikiomba kuingia kwa hisani kama anayeomba maji. Ikaja 2020, korona, shule zikafungwa, mtihani ukasogezwa mpaka mwisho wa Juni. Nikapata S. Kwa wasioijua S, kwenye hesabu za kuingia chuo ni nusu pointi, na kwenye prinsipo haihesabiki. Ni alama ya kukuambia tumekuona, asante kwa kuja.

Na hapa ndipo panaponiuma kuliko pote, kwa hiyo soma taratibu. Mwaka 2021 niliomba diploma ya utabibu (clinical medicine), ngazi ya chini ya udaktari. Diploma ile wanaangalia cheti cha FORM FOO: Kemia, Baiolojia, Fizikia, uwe umefaulu kuanzia D. Ile D yangu ya 2016, iliyonipeleka kuchuchumaa barazani, ndiyo iliyonifungulia mlango. Divisheni Wani yangu ya pointi 5 haikuulizwa na mtu. Ningeweza kuingia pale 2017 moja kwa moja. Badala yake nikakaa dawati moja na madogo walioniita "mzee" kuanzia wiki ya kwanza, na walikuwa na haki, maana nilikuwa naota ndevu na wao chunusi. Miaka mitatu. Leo ni tabibu kwenye zahanati moja, na njia ya kupanda udaktari kupitia diploma ipo, naiwinda. Ila wenzangu niliokuwa nao barazani wakakataa kusaini (walikuwa wawili, nawakumbuka kwa majina) hawakuhitaji kuizunguka dunia hivi.

Kwa hiyo mkuu, sheria yangu ni moja na sitaki mjadala: KOMBI INACHAGULIWA KUTOKEA NYUMA. Chukua mwongozo wa TCU, uko bure kwenye tovuti yao. Kuna wa wanaotoka form siksi na kuna wa wenye diploma, shika ule wa form siksi kwanza. Ni mnene, umeandikwa kwa Kiingereza, na ndiyo maana kila mtu anapenda kusimuliwa kuliko kuusoma. Tafuteni udaktari wa binadamu, nendeni kwenye safu ya sifa za kujiunga, msome vyuo vitatu au vinne, kimoja hakitoshi. Yaandikeni masomo yanayotajwa. Hapo ndipo mnauliza ni kombi gani inayo hayo masomo. Mtu akikupa ushauri, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mimi, mwambie akuonyeshe mstari.

Na usidhani ni CBG tu. Nina mshkaji alitaka uhandisi wa ujenzi, akaenda PCB kwa sababu "sayansi ni sayansi". Uhandisi unataka Hesabu ile kubwa ya PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu), yeye alikuwa na BAM, ile Hesabu ndogo ya nyongeza. Steshenari naye ilimkuta. Mwaka 2024 zilipotangazwa tahasusi 65, mpya 49 ndani yake, watu walishangilia na mimi nikashika kichwa, maana niliona mabaraza tu na vikombe vya chai.

CBG yenyewe sina ugomvi nayo. Niliyeketi naye dawati moja alitaka kilimo tangu mwanzo, akasoma CBG, akasoma kilimo, leo ni bwana shamba mwenye pikipiki na mke, na tukikutana yeye ndiye anayenunua soda. Yeye alikuwa anakwenda mahali CBG inakokwenda.

Sasa hiyo D ya mdogo wako. D si F. Kwa utaratibu niliochaguliwa nao mimi, hata mwenye C, C na D kwenye masomo ya kombi anapita, na yeye ana A, B na D, yuko mbali na hatari. Na nilipousoma ule mstari wa udaktari, Fizikia ilitakiwa angalau D. Najua D ya form siksi ina jasho kuliko ya form foo, S yangu inanikumbusha kila siku. Lakini mtoto mwenye A ya Baiolojia ana miaka miwili mizima ya kuitafuta D moja. Akipata 9 kwa mia jaribio la kwanza mwambie ni kawaida, wengi wetu tulipata hivyo, na yule wa 4 kwa mia alibaki PCB akafaulu. Ndiyo, yuleyule ninayejifariji naye. Naomba tusiliongelee.

Na kama Fizikia haitaki kabisa, basi muulizeni mapema kama yuko tayari kuanzia diploma ya utabibu na cheti chake hichohicho cha form foo. Ni heshima tele. Kinachouma ni kuifikia kwa kupitia barazani.

Uliuliza na habari ya bweni. Bweni ni zuri, ila simu hakuna, na siku akiitwa barazani hutakuwepo, kwa hiyo ule mstari wa TCU uchapishe, aubandike ndani ya mfuniko wa tranka. Autoe autazame kabla hajasaini chochote kilichochanwa kwenye daftari.

Na wewe mchangiaji hapo juu unayesema una rafiki alisoma CBG na sasa yuko mwaka wa tatu udaktari: mpigie sasa hivi, muulize Fizikia aliifanyia wapi na mwaka gani, halafu uje utuwekee hapa. Mimi nipo macho, zamu yangu inaanza saa mbili asubuhi.